Ukiwa na Haki Ndio Utajua Kama Unamtii Mungu

Bwana asifiwe wapendwa. Asanteni kwa kunipa hii nafasi, na niseme mapema tu kwamba sina pointi saba wala nane za kuwapa leo, nina jambo moja limenikaa rohoni muda mrefu na naomba nilitue hapa mbele yenu. Kumtii Mungu wakati wa amani sio kazi, hata mtu mgumu anaweza. Kumtii Mungu ukiwa umemkosea mtu nako kuna ugumu wake lakini angalau unajua pa kuanzia, unajua umekosa, unatafuta tu ujasiri wa kwenda. Sasa njoo kwenye siku ile umekosewa wewe. Una haki, una mashahidi, una karatasi, una skrinshoti za kila kitu, na kila unayemsimulia anakuambia hapo usikubali kabisa. Siku hiyo ndio mtihani wenyewe. Hapo ndipo inajulikana kama huyu tunayemuimbia ni Bwana kweli au ni Bwana mpaka pale tunapoguswa.

Nianze na mimi kabla sijawaendea watu wa kwenye Biblia.

Mimi na ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja, tuligombana kuhusu mali aliyoacha mzee wetu. Sitaeleza yote maana yeye hayupo hapa kujitetea. Niseme tu kwamba nilikuwa na maandishi ya mzee, nilijua niko sahihi, na mpaka leo naamini niko sahihi. Usiku mmoja saa nane nimekaa kitandani, taa nimezima, simu inanimulika usoni, nimeandika meseji ndefu ya skrini tatu nzima, unashusha unashusha haiishi. Nimeweka kila kitu. Yale ya mali, alafu nikaenda mbali zaidi, nikaingiza mambo ya utotoni, nikamuingiza na mke wake, nikaingiza na vile mzee alivyokuwa akimlalamikia kipindi anaumwa, vitu ambavyo mzee aliniambia mimi kwa siri akiwa kitandani. Nikaisoma mara mbili, nikarekebisha hata herufi zilizokosewa, yaani nilitaka imuingie sawasawa. Na mwisho kabisa, na hili ndilo linaniuma kuliko yote, nikaweka mstari wa Biblia. Kidole kikakaa pale juu ya kutuma labda dakika nzima, na nawaambia kweli mbele za Mungu, kuna kitu ndani kiliniambia acha. Haikuwa sauti kubwa. Acha, basi. Nikatuma.

Zikaja tiki mbili, zikageuka bluu. Hakujibu. Miaka mitatu hakunijibu, na watoto wetu ambao walikuwa wanalala kitanda kimoja wakawa wanapishana kama wageni, fahali wawili tumepigana sisi nyasi zimeumia wao.

Kwa hiyo nikiongelea unyenyekevu leo msidhani naongea kama mtu aliyeshinda mtihani. Mimi niliambiwa acha na nikatuma.

Sasa twende kwa Daudi, pango la Engedi, Samweli wa Kwanza sura ya 24. Wengi mnaijua hii habari ila naomba tuipite polepole. Mfalme Sauli ana askari 3000 wa kuchaguliwa, anamsaka mtu mmoja aliyekuwa na watu kama 600 hivi, na huyo mtu hajamkosea kitu, alimpigia kinubi roho mbaya ilipomsumbua, alimuangusha Goliathi, ni mkwe wake kabisa. Kama kuna mtu amewahi kuwa na haki kwenye ugomvi basi ni Daudi. Na juu ya haki ana mafuta, Samweli alishampaka, ufalme ni wake. Sauli anaingia pangoni kujisaidia, hajui kwamba kule ndani gizani wamejaa watu wa Daudi. Fikirieni ule ukimya, wanaume wote wale wamebana pumzi na mfalme yuko pale karibu na mlango amewapa mgongo. Na wanamnong'oneza Daudi nini? Hawamwambii tu mmalize. Wanamwambia leo ndio ile siku aliyosema Bwana, kwamba atamtia adui yako mkononi mwako.

Yaani wanaongea kiroho kabisa! Mimi hapa nimekaa sana. Ukiwa kwenye ugomvi na una haki hutakosa watu wa kukuletea neno, utaletewa ndoto, utaletewa mstari, na mlango ukifunguka utaambiwa ni Mungu huyo amefungua, ingia. Na kwa Daudi mlango ulifunguka kweli, adui kaja na miguu yake mwenyewe. Lakini nafasi sio agizo wapendwa. Kupata nafasi ya kumuangusha mtu hakumaanishi Mungu amekutuma umuangushe. Daudi alikuwa anajua agizo, kwamba Sauli ni masihi wa Bwana, yaani aliyepakwa mafuta na Bwana, na mkono wake usinyoshwe juu yake, na agizo lile lilikuwa pale kabla ya pango, halikubadilika kwa sababu pango lilikuwa na giza na mfalme hana habari.

Akakata upindo wa vazi tu. Kipande cha nguo. Alafu roho ikamsuta. Kwa kipande cha nguo! Mimi nilimkata ndugu yangu kwa maneno ya skrini tatu na nikapata usingizi, ndio maana hii sehemu siwezi kuisoma haraka haraka, inanionyesha moyo ulio laini ukoje na wangu ulikuwaje usiku ule.

Ila angalieni kinachofuata maana hapa ndipo watu wanachanganya unyenyekevu na unyonge. Daudi anatoka pangoni, anamuita Sauli, anainama mpaka uso unagusa chini, anamuita bwana wangu mfalme, anamuita na baba yangu. Mtu anayemuwinda! Lakini hanyamazi. Anaongea kesi yake yote, anamuonyesha kile kipande cha nguo, anamwambia kabisa mimi sijakukosea na wewe unaniwinda uniue, alafu anasema Bwana ndiye atahukumu kati yangu na wewe, mkono wangu hautakugusa. Kwa hiyo kusema ukweli sio kiburi. Kiburi ni kutaka wewe uwe hakimu na uwe askari na uwe mtekelezaji wa hukumu, vyote kwa pamoja.

Na Sauli akalia, akakiri kwamba wewe una haki kuliko mimi, mapatano yakafanyika, Sauli akarudi kwake. Na Daudi akaenda wapi? Mstari wa mwisho wa ile sura, Daudi na watu wake wakapanda kwenda ngomeni. Hakurudi ikulu. Amemsamehe, hajamlipiza, amemuinamia, lakini hajarudi kukaa na mtu aliyekuwa anamrushia mkuki ndani ya nyumba. Naomba hili liwafikie wale ambao mnapigwa majumbani, mama au baba, na mmeambiwa na watu wa Mungu kwamba unyenyekevu ni kurudi ukapigwe tena. Hapana. Ngome ipo kwa sababu. Toka, ongea, nenda polisi kama ni kwenda polisi. Hata Paulo walipotaka kumchapa mijeledi aliwauliza kama ni halali kumchapa raia wa Rumi bila hukumu, na mbele yake huko akakata rufaa kwa Kaisari. Kutafuta haki kwa njia ya sheria sio kukosa utii. Mungu hajawahi kumtuma mtu awe ngoma ya kupigwa na mwenzake.

Sasa geuza ukurasa mmoja tu, sura ya 25. Daudi yule yule, aliyemshinda shetani pangoni, anatukanwa na tajiri mmoja anaitwa Nabali, aliyemnyima chakula akasema kwani huyo Daudi ni nani, watumwa wanaotoroka mabwana zao siku hizi ni wengi. Basi hilo tu. Na Daudi akawaambia watu wake kila mtu ajifunge upanga, 400 wakatoka naye, 200 wakabaki na vyombo, na akaapa kwamba mpaka kesho asubuhi hatabaki mwanaume hata mmoja nyumbani kwa Nabali. Aliyemvumilia mfalme mwenye jeshi anataka kuua nyumba nzima kwa sababu ya dharau. Mimi hii imenifundisha nisijiamini. Unaweza ukashinda ugomvi mkubwa kazini kwa upole kabisa watu wakakusifu, ukaja kuanguka nyumbani jioni kwa neno moja la mtoto.

Kilichomuokoa ni Abigaili, mke wa yule yule Nabali, alimuwahi njiani na punda waliobeba mikate 200 na kondoo watano walioandaliwa na mikate ya tini, akashuka akainama, akamwambia Daudi maneno ambayo kwa kifupi ni haya, siku Bwana atakapokutawaza usije ukawa na majuto moyoni kwamba ulimwaga damu bila sababu. Na Daudi, amejifunga upanga, wanaume 400 nyuma yake wanamtazama, ameshaapa mbele yao, akasimama. Akamsikiliza. Akambariki kwa kumzuia. Jamani kugeuka ukiwa peke yako ni jambo moja, kugeuka watu wako wanakuangalia na uliapa kwa mdomo wako ni jambo lingine kabisa. Mimi nikiulizwa unyenyekevu ni nini naona ile picha, mwanaume amepandwa na hasira zote na anakubali kusimamishwa njiani na mtu ambaye hakumtarajia. Una Abigaili wako? Au watu wako wote ni wale wa pangoni wanaokuambia leo ndio siku yenyewe?

Isaka naye nitampitia kidogo ila ana kitu kimoja kizuri sana, Mwanzo 26. Kulikuwa na njaa, Mungu akamwambia usishuke Misri, kaa kwenye nchi hii. Hilo ndio agizo. Akakaa, akabarikiwa, Wafilisti wakamuonea wivu, wakafukia visima vya baba yake kwa udongo, wakamfukuza. Akaenda bondeni, watumishi wake wakachimba wakapata maji yanayobubujika, wachungaji wa Gerari wakaja wakasema maji ni yetu. Akakiita kile kisima Eseki, maana yake ugomvi, akasogea. Akachimba kingine, wakakigombania tena, akakiita Sitna, uadui, akasogea. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi, nafasi.

Angalia alivyofanya. Kwanza hakujifanya haumii, visima vimeandikwa majina ya kilichotokea, ugomvi ni ugomvi na uadui ni uadui, hakusema aah mimi nimesamehe hamna shida huku moyo unachemka. Pili, na hili ndilo nilikuwa silioni zamani, kisima aliachia lakini agizo hakuliachia. Alisogea, akasogea tena, lakini ndani ya nchi ile ile aliyoambiwa akae. Hakusema basi kama ni hivi acha niende Misri. Sisi tunafanya kinyume, kisima tunakishika kwa meno na agizo tunaliachia. Unabaki na maji na unapoteza upendo, ukweli, mdomo msafi, vyote ambavyo Mungu alikuagiza uvilinde. Na baadae yule yule Abimeleki aliyemfukuza akamfuata mwenyewe, na rafiki yake Ahuzathi na mkuu wa jeshi lake Fikoli, wanaomba mapatano, wanasema tumeona wazi Bwana yuko na wewe. Isaka akawauliza mbona mmenijia na nyie mlinichukia, akauliza kabisa, alafu akawafanyia karamu wakala wakanywa. Siku hiyo hiyo watumishi wakaja kumwambia tumepata maji.

Kuna mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani sana. Haya, njoo karibu, Montgomery, Marekani, Januari 1956. Martin Luther King ana miaka 27, mchungaji kijana, ana mke na mtoto mchanga, na watu weusi wa ule mji wamegoma kupanda mabasi tangu tarehe 5 Desemba 1955 kwa sababu ya ubaguzi. Simu za vitisho zinapigwa mchana na usiku. Usiku mmoja mwishoni mwa Januari simu ikapigwa tena, mtu akamtishia, usingizi ukakata. Akaenda jikoni akachemsha kahawa, akakaa mezani na kikombe mbele yake, akawa anafikiria namna ya kujitoa bila kuonekana muoga. Alafu akaomba kwa sauti pale pale mezani, akamwambia Mungu kwamba anaamini anachokipigania ni haki lakini amechoka, nguvu zimemuishia, anaogopa. Na mwenyewe alisimulia kwamba pale alisikia moyoni akiambiwa asimamie haki na Mungu atakuwa naye. Siku chache baadae, tarehe 30, akiwa mkutanoni bomu likalipuliwa barazani kwake, mke na mtoto wako ndani, Mungu akawanusuru. Anafika nyumbani anakuta umati umejaa una hasira, wengine wana silaha, wanasubiri neno lake moja tu. Na pale, kwenye ile baraza iliyolipuliwa, akawaambia warudi nyumbani, waweke silaha chini, wawapende adui zao.

Ila mgomo hakuuacha. Ulifika siku 381, mpaka mabasi yakafunguliwa kwa wote Desemba 1956. Upanga aliuacha, agizo hakuliacha, sawasawa na Isaka. Na mimi naamini ile baraza haikugeuka uwanja wa vita kwa sababu ya kile kikombe cha kahawa jikoni siku chache nyuma, pale alipokuwa ameshamwambia Mungu kwamba hana nguvu. Petro yeye kwenye bustani ya Gethsemane aliambiwa akeshe aombe, akalala, watu wa mapanga na marungu walipofika kitu pekee alichokuwa nacho mkononi ni upanga, akakata sikio la mtu. Na Bwana, ambaye muda mfupi tu nyuma alikuwa amelala kifudifudi anasema si kama nipendavyo mimi, akaponya sikio la aliyekuja kumkamata. Mtu anayepigana na wewe leo, je kuna sikio lake ulilokata ukidhani unamtetea Mungu?

Nimalizie na ile barua aliyoletewa Hezekia, mfalme wa Yuda. Mwaka wa 701 kabla ya Kristo Senakeribu mfalme wa Ashuru ameshaiteka miji ya Yuda, na mwenyewe alijiandikia kwenye udongo kwamba aliteka miji 46 na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege kwenye tundu, maandishi yapo mpaka leo kwenye makumbusho London. Ila soma yote, hakuna mahali anasema aliingia Yerusalemu. Mjumbe wake alisimama nje ya ukuta akatukana kwa Kiyahudi makusudi ili watu wote walioko ukutani wasikie. Walipomuomba aongee Kiaramu akazidisha. Yaani alitaka grupu zima lisome. Na watu wakanyamaza, hawakumjibu neno, maana mfalme alikuwa amewaagiza msimjibu. Baadae ikaja na barua, matusi yale yale kwa maandishi. Hezekia akaipokea, akaisoma, akapanda nyumbani kwa Bwana akaikunjua mbele za Bwana. Akaomba, fungua macho yako uone, tega sikio usikie maneno haya.

Hivyo tu. Ile karatasi yenyewe akaiweka chini. Jamani nilipoisoma hii baada ya ile meseji yangu nililia, kwa sababu usiku ule simu ilikuwa mkononi mwangu na ningeweza kuiweka pale pale sakafuni, na yale maneno yake yote na yale yangu niliyoandika, nikasema Bwana soma. Angesoma. Siku hizi nafanya hivyo, naandika nikitaka kuandika, alafu naiweka simu sakafuni napiga magoti mbele yake, na nikiinuka mara nyingi nafuta. Sio mara zote. Naendelea kujifunza.

Baada ya miaka mitatu nikakutana na lile neno la Bwana, ukileta sadaka madhabahuni na hapo ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache, nenda kwanza. Nilikuwa nalisoma vibaya miaka yote. Nilikuwa nadhani ni mimi nikiwa na neno juu yake. Kumbe ni yeye akiwa na neno juu yangu, na haijasema kama neno lake ni la kweli au la uongo. Na la kwake lilikuwa la kweli, skrini tatu. Nikampigia, hakupokea, nikaenda. Nikasimama mlangoni nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa ile meseji, hasa kwa yale ya mzee niliyoyatoa na kwa mkeo. Nilijizuia nisiseme "lakini". Hilo neno lilikuwa hapa kooni, lakini na wewe ulinifanyia, nikalimeza na likashuka kwa shida. Akasema sawa. Akafunga mlango. Nikarudi nyumbani sijui kama nimesamehewa au vipi, ilipita karibu miezi mitano ndio mwanae akatumwa kwangu kuomba ngazi.

Mali haijagawanywa bado. Maandishi ya mzee yapo kwa mwanasheria, mwezi ujao tunakaa tena, mimi nitakuja na karatasi zangu na yeye na za kwake, na kila mmoja atasema anachokiamini. Ila gari lake ni bovu, kwa hiyo asubuhi hiyo nitampitia kwake twende wote, saa nzima ya njia, mimi na yeye tu ndani ya gari. Naombeni sana mniombee mdomo wangu kwa hiyo saa moja. Tusimame tuombe.